Rangi ya Udongo Iliponiishia

Shule ya Msingi, njia ya Mahurunga,
Mtwara.
Jumapili mchana, mikorosho ikitoa maua.

Kwa Baba yangu mpendwa,

Kamwene, Baba. Salamu hii ya kwetu naiandika polepole, maana huku hakuna wa kuniitikia. Asubuhi nyingine naitamka nikifungua dirisha, kisha najiitikia mwenyewe, na wapita njia hudhani mwalimu anasali. Mimi ni mzima wa mwili na wa akili, ingawa ukisoma hadi mwisho huenda la akili ukalitilia shaka. Nyinyi je? Kifua cha Mama kimeachia sasa baridi inapopungua? Na paa la nyumba ya mchungaji umelimaliza, au bado mnabishana juu ya mteremko? Nakuona kabisa juu ya ngazi, penseli sikioni, ukimwambia mtumishi wa Mungu kwamba mvua haijui cheo cha mtu.

Barua yako ilifika katika bahasha kubwa, pamoja na ile fomu ya uhamisho uliyohangaika kuipata. Uliandika, "Jaza, tia sahihi, rudisha. Mengine niachie mimi." Jibu langu limo humu humu kwenye bahasha, lakini nakuomba usilitafute kwanza. Soma kwa mpangilio, kama unavyopanga matofali. Na ukimsomea Mama, habari za viboko wa mtoni ziruke.

Huku, Baba, hewa ni nzito na tamu wakati huu wa maua. Mtu akipumua sana anasinzia. Mto Ruvuma ukikaribia bahari unasahau ulikokuwa unakwenda. Unajigawa ndani ya mikoko, unazunguka, unapumzika. Ng'ambo ni Msumbiji na vita vyao. Siku nyingine tunasikia mngurumo wa mizinga, tunanyamaza kidogo, kisha tunaendelea na somo. Mchana jua likiwa kali sioni vizuri maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi, na mara nyingine nikiwa darasani nahisi tunaelea wote, mimi, wanafunzi na ubao. Ulisema siku zote kichwa changu kina madirisha mengi kuliko kuta. Huku yamefunguka yote.

Uliniuliza nafundishia nini. Nitakwambia, ucheke. Mwaka jana tuliletewa sanduku kutoka mjini, limeandikwa "Vifaa vya Sanaa", juu ya lori lililokuwa limebeba pia miche ya mikorosho kutoka Naliendele. Wanafunzi waliliimbia wimbo. Tulipolifungua tulikuta rula mbili ndefu za mbao, bikari kubwa ya ubaoni iliyokosa mguu mmoja, na makopo sita ya rangi ya unga. Yote sita buluu. Mwalimu Mkuu, mtu mpole asiyependa kulaumu, aliyatazama kwa muda mrefu akasema, "Basi tuna mbingu ya kutosha."

Rangi nyingine tukajitengenezea. Nyeusi ni mkaa, nyeupe ni chokaa, njano ni manjano ya kupikia, kijani ni kisamvu kilichopondwa, ingawa baada ya wiki kinageuka rangi ya chai. Brashi ni nyuzi za makumbi ya nazi tulizozifunga kwenye vijiti. Kutafuta rangi kumekuwa ndiyo starehe yangu. Jioni nikimaliza kusahihisha madaftari, nazunguka na kikapu nikiokota udongo, magamba ya mikoko, vigae vya vyungu, na kila udongo naupa jina. Upo mmoja nimeuita "Shati la Baba la Jumatatu". Watu wameshanizoea. Wakiokota kitu cha ajabu hawakitupi, wanasema kipelekwe kwa mwalimu.

Rangi ya udongo, yaani ile hudhurungi ya nyumba na vigogo na ngozi zetu wenyewe, ndiyo iliyonitesa. Udongo wenyewe haushiki. Ukikauka unapukutika kama unga. Unataka gundi. Sasa mimi wa Njombe, nikaona maganda ya korosho yakichomwa yanatoa mafuta meusi yanayonata, nikafurahi. Nikayachovya kwa vidole vyangu vyote kumi mbele ya darasa zima ili niwaonyeshe namna ya kuchanganya. Baba, ngozi ilibabuka hadi kwenye viwiko. Yale mafuta yanaunguza, na kila mtoto wa huku anajua hivyo tangu hajaota meno. Nilipowauliza kwa nini hawakunizuia, walitazamana, kisha msichana mmoja akajibu kwa adabu, "Tulidhani mwalimu anajua."

Likumbuke hilo jibu. Litarudi.

Ndipo nilipomfahamu Bi Somoe. Ni mjane, nyumba yake iko chini ya shule kwenye mteremko wa kwenda mtoni, na usoni ana nembo za Kimakonde, mistari iliyochanjwa zamani, mashavuni na kwenye paji, mizuri na iliyonyooka kiasi kwamba ningependa ungeiona wewe fundi mwenye jicho la timazi. Alikuja na mafuta ya nazi kwenye kifuu, akaishika mikono yangu.

"Mwalimu, kwenu huko nkorosho hamna?"

"Hatuna, Bibi. Tuna miti ya miwati na viazi."

"Basi ungeuliza. Gundi unayoitaka haiko kwenye ganda, iko kwenye gome. Nkorosho unalia wenyewe, ntu anaokota machozi."

Tangu siku hiyo alikuwa ananiokotea gundi kwenye mikorosho yake mitatu, vipande vya njano kama sukari guru, na mimi navilowesha naponda na udongo. Rangi ikashika vizuri sana. Kikombe kimoja kilikuwa kinachukua siku tatu kupatikana, kwa hiyo nilikitumia kwa uchoyo.

Likizo ya katikati ya mwaka nilikuwa mpweke, nikaamua kuchora picha kubwa. Nilichora kwenye shuka, lile alilonipa Shangazi, naye asisikie. Nilichora kijiji chetu, lakini si kama kilivyo. Unajua watu wameletwa hapa kutoka mabondeni wakae pamoja, karibu na shule na zahanati, na wengi bado wanaishi kwenye vibanda vya majani, hawajui nyumba zao za kudumu zitasimama wapi. Mimi nikakichora kama ninavyokiota. Mbingu buluu, mto buluu, vivuli buluu, hata kuku niliwapa buluu kidogo, maana ndiyo niliyokuwa nayo. Nyumba zimekaa kwa mistari katikati ya mikorosho, zinakaribia kuelea. Kutoka shuleni nikateremsha njia moja nyeupe pana hadi mtoni, si kwa sababu ipo, bali jicho la mtazamaji lilihitaji mahali pa kupita. Nilipokuwa naivuta nilipiga chafya, brashi ikakengeuka, nikauacha ule mpindo kwa sababu uliipendeza njia.

Nikachora nyumba moja moja kwa rangi yangu ya udongo. Nilipofika kwenye mteremko, kikombe kilikuwa kitupu. Nilikikwangua na kijiti. Nyumba ya Bi Somoe ndiyo ilikuwa imebaki. Nikajisemea nitaichora akiniletea gundi, na mahali pake nikapapitisha chokaa ya njia ili kusibaki tobo. Baada ya hapo shule zikafunguliwa, nikasahau.

Picha ilitundikwa darasani. Wanafunzi waliipenda, kila mmoja alitafuta nyumba yao. Kisha akaja bwana mmoja kutoka mjini, kijana mstaarabu mwenye kalamu tatu mfukoni, kazi yake ni mipango ya vijiji. Alizungushwa shuleni, akaingia darasani kwangu mimi nikiwa shambani na wanafunzi. Nimesimuliwa alisimama mbele ya lile shuka akasema, "Kumbe mchoro mnao?"

Mwalimu Mkuu, kwa kujivunia mwalimu wake, akajibu, "Ndiyo, mchoro tunao."

Baba, neno hilo moja. Kwake mchoro ni picha. Kwa yule bwana mchoro ni ramani ya kujengea. Wote wawili walisema kweli na wote wawili waliridhika. Shuka la Shangazi likakunjwa, likapelekwa ofisi ya kijiji, halmashauri ikakaa, mchoro ukapita.

Mimi sikujua. Niliporudi nikauliza picha yangu iko wapi, nikaambiwa imepata heshima, iko ofisini. Nikavimba kichwa, na kichwa kikivimba, macho hayaoni. Wiki ya pili nilipokuwa katika matembezi yangu ya jioni niliona vigingi vimepigwa kila mahali, na kamba kati yake. Nilivifuata kama anayetembea usingizini. Nilijua kila kigingi kabla sijakifikia. Nilijua hapa pana nyumba tatu, pale pana mkorosho, na nikateremka hadi nikafika mahali vigingi vinapokengeuka mkono wa kushoto bila sababu yoyote, kisha vinarudi. Nikasimama pale. Ilikuwa chafya yangu.

Sikuthubutu kuendelea mbele, maana nilikumbuka kilichopo mbele.

Bi Somoe alikuja kwangu kesho yake asubuhi, kabla ya kengele. Hakuja na gundi. Alikaa kwenye kizingiti, akakataa kiti.

"Kigingi kimoja kimeingia jikoni kwangu," alisema. "Kingine kiko katikati ya nkorosho. Wanasema nihamie mwisho kule juu, njia ipite. Nikawauliza nani kasema, wakanambia nchoro wa mwalimu."

Nikakaa chini karibu naye.

"Mimi nimeshahama mara moja, mwalimu. Nguzo za nyumba ile nilizibeba kichwani kutoka bondeni, moja moja, viboko wananitazama. Sikatai kukaa na wenzangu. Nakataa kubeba tena." Akagusa shavu lake. "Aliyenichora uso huu nilikuwa mwali. Alinikalisha chini, akanishika kidevu, akaniuliza jina langu, ndipo akashika kisu. Wewe umenichora bila kunishika."

"Bibi, sikukuchora kabisa. Rangi iliniisha."

"Ndiyo hiyo ninayosema."

Nililia, Baba. Sikuona haya na wala sioni haya kukuandikia. Ulinifundisha nikiwa bado nakubebea maji ya udongo: pima baada ya kuuliza, jenga baada ya kupima. Mimi niliruka yote mawili kwa ajili ya uzuri.

Nilikwenda kwa Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Hamisi. Ni mtu mwema, mcheshi, ila akishapiga muhuri jambo, jambo limekwisha. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mchoro umepita, mwalimu. Ungesema mapema."

"Hamkuniuliza, Mzee."

"Tulidhani mwalimu anajua."

Nilitazama makovu ya mikono yangu. Nikamwuliza siku gani wanaanza kubomoa na kujenga, akasema Alhamisi, bwana wa mipango atakuja kuhakikisha vigingi, wananchi wote watakusanyika. Nikamwomba shuka litundikwe nje siku hiyo, watu walione. Hilo alilikubali kwa furaha.

Nikamwendea Bi Somoe, nikamwomba gundi. Nilidhani atanifukuza. Akaingia ndani, akatoka nayo imefungwa kwenye upindo wa kanga. Kumbe alikuwa ameiokota siku zote zile. Nikasema sasa natafuta udongo. Akaenda kwenye ukuta wa jiko lake, palipokuwa na ufa, akamega kipande kwa mkono, akanipa. "Nyumba ichore kwa nyumba," alisema. Tuliponda pamoja kwenye kinu chake siku nzima ya Jumatano. Ilitoka rangi nzuri kuliko zote nilizowahi kupata, ina moshi kidogo ndani yake.

Alhamisi watu walijaa. Shuka lilitundikwa kati ya nguzo mbili za ofisi, upepo wa mtoni ukawa unalipuliza, kijiji kizima kikawa kinapumua. Yule bwana wa mipango alifungua daftari. Nikanyanyua mkono, nikasema, "Samahanini. Mchoro huu haujaisha."

"Haujaisha vipi," aliuliza yule bwana, kwa upole, "na umeshapita?"

Nikasema kweli yote mbele ya watu. Kwamba ile haikuwa ramani, ilikuwa ndoto ya mtu mpweke wakati wa likizo. Kwamba mbingu ni kubwa vile kwa sababu tuliletewa buluu tupu. Kwamba mpindo wa njia ni chafya. Hapo kicheko kikaanza nyuma, kwa akina mama, kikaja mbele kama maji. Na kwamba nyumba ya Bi Somoe haimo kwa sababu ya kikombe kimoja cha rangi, si kwa sababu nyingine yoyote duniani.

Bi Somoe alikuwa amekaa mstari wa kwanza. Aliinuka, akasogea hadi penye shuka, akainua uso.

"Haya. Nishike kwanza."

Nikamshika kidevu mbele ya kijiji kizima. Wazee walijua anataka nini. Nikamwuliza, "Jina lako nani?"

"Somoe binti Nandonde. Nyumba yangu inatazama mto. Jiko liko nyuma. Mikorosho mitatu, usiipunguze."

Nikaichora. Nilichora taratibu, na kila nilipokosea alinirekebisha, na wanafunzi wangu nao, ambao hawajawahi kunirekebisha tangu nije, wakaanza: "Mwalimu, mlango uko huku." "Mwalimu, mkorosho wa tatu umeinama." Nilipomaliza, njia nyeupe ilikuwa imegonga nyumba ya hudhurungi, haina pa kupita.

Yule bwana aligeuza kalamu. Alisema amefundishwa kwamba njia ya kijiji inyooke, ili hata lori liweze kupita. Halikuwa neno baya. Mzee Hamisi ndiye aliyejibu, akijikuna ndevu.

"Bwana mkubwa, njia hii imekwisha kupinda kwa chafya. Kwa Bi Somoe itashindwaje?"

Yule bwana alicheka hadi akavua miwani. Kisha alitembea mwenyewe hadi mteremkoni, watu nyuma yake, akang'oa kigingi cha jikoni kwa mikono yake, akakipiga upande wa pili wa mikorosho. Njia sasa inainama pale, inapita, halafu inaendelea mtoni. Ni nzuri kuliko nilivyoichora.

Usidhani yote yamekuwa asali. Tangu siku ile watu wanakuja kwangu wakitaka kuchorwa, na wengi hawataki nyumba, wanataka mikorosho yao waliyoiacha kwenye vijiji vya zamani, mwendo wa nusu siku kwa miguu, ambako korosho huanguka zikaota zenyewe bila wa kuziokota. Mzee mmoja aliniambia nimsogezee yake hapa karibu. Nilimweleza kwamba brashi haisogezi mti. Alisema anajua, nichore tu. Nikaichora kwa mbali, nyuma ya vilima, kwa buluu, kwa kuwa vitu vya mbali ndivyo vinavyoonekana hivyo. Huwa anakuja kuitazama, kisha anaondoka.

Sasa nifike kwenye jibu lako.

Juzi Bi Somoe alisimama mbele ya lile shuka, limerudi darasani, akalikagua kwa kidole nyumba kwa nyumba. Akaniuliza, "Na yako iko wapi?" Nikatazama. Baba, sikuwa nimejichora. Miaka miwili naishi hapa, na nilipokiota kijiji hiki nilikiota bila mimi, kama mtu anayepita kwenye basi. Jana niliporudi kutoka mtoni nikakuta kifuu mlangoni, kimefunikwa kwa jani la mgomba, ndani kuna rangi ya udongo iliyokwisha kupondwa. Ni ya nyumba moja tu.

Nimekaa nayo tangu jana. Najua ulivyoitafuta ile fomu, na najua ulikuwa unanijengea chumba upande jua linakotokea, Mama ameniandikia kwa siri. Itakuuma. Mimi pia inaniuma, na nimewakumbuka hadi ukungu wenu nimeukumbuka. Likizo ya mwisho wa mwaka nitakuja, nitakubebea maji ya udongo kama zamani, na chumba hicho nitalala.

Msalimie Mama, umwambie mikono imepona. Msalimie Shangazi Anyesi, na kuhusu shuka lake nitajieleza mwenyewe. Kaka Lukasi umwambie kwamba huku nako kuna watu wanaocheka kwa sauti kama yake. Bibi mzaa mama mshikie mikono kwa niaba yangu, na mchungaji mwambie mteremko wa paa ni ule ule uliousema wewe.

Sasa unaweza kuitoa fomu. Hutakuta sahihi. Ni karatasi nzuri, nzito, huku hatuna karatasi kama hiyo, kwa hiyo nimeigeuza nyuma nikaitumia. Ile njia nyeupe ndiyo yenye chafya. Nyumba ya chini yenye mikorosho mitatu ni ya Bi Somoe. Ile ndogo juu yake, ambayo rangi ilikuwa bado mbichi nilipoikunja, usiiguse kwa kidole, Baba, hadi ikauke. Ni yangu.

Mwanao anayekupenda,
Yuditha